Mistari Arobaini na Mitatu ya Njano

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa fagio, dekio na kiti. Fagio na dekio nilivielewa. Kiti kilinishangaza, kwa sababu sikuwahi kusikia mfagiaji anapewa pa kukaa. Ofisi ilikuwa Kinondoni, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, na kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za kompyuta za kuendesha mizani, saa za mahudhurio na vipimajoto vya majokofu ya chanjo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, elimu yangu darasa la saba la Tandika, na mikono yenye sugu za zege.

Msimamizi wa Ofisi alinielekeza kwa kifupi. Nikimaliza kudeki nikae kwenye kile kiti nitazame kioo cha kompyuta. Mistari ikipita ya rangi nyekundu, nimwite haraka. Ikipita ya njano, niachane nayo.

Nyie vijana wa sasa mnabonyeza kitufe na kabla hamjaweka simu chini kazi imekwisha, kwa hiyo lazima niwaeleze. Anachoandika injinia, mashine haikielewi. Maandishi yake hugeuzwa namba kwanza, kipande baada ya kipande, halafu vipande vyote vinaunganishwa kuwa faili moja linaloweza kufanya kazi. Hicho kinachounganisha kinaitwa linka. Zoezi zima tuliliita bildi, na kwa kompyuta za wakati ule lilichukua dakika arobaini. Mainjinia hawakutaka kupoteza dakika arobaini wakitazama kioo. Ndiyo maana wakaniajiri mie niwatazamie.

Nilitazama. Nyekundu zilikuwa chache. Njano zilikuwa nyingi, kila bildi, na zilikuja mwishoni pale linka inapofanya kazi yake. Kiingereza nilikuwa sijui, lakini macho ninayo, na mtu mwenye macho akikalishwa mbele ya kitu kile kile kila siku lazima akizoee. Nikanunua kaunta buku ya kwaya mbili, lile daftari nene la jalada gumu, nikaanza kunakili ile mistari herufi kwa herufi, kama unavyonakili maandishi ya ubaoni usiyoyajua maana. Waliniona wakacheka. Jina la Profesa nililipata wiki ile, na lilipoanza lilikuwa la kejeli. Baadaye waliniita hivyo kwa heshima, wapo hai wanaweza kuulizwa.

Baada ya kama miezi minne nilimfuata Injinia Mkuu, dada mmoja anaitwa Neema, mrefu, mkimya, hana masihara. Nikamfungulia buku. Nikamwambia shikamoo, naomba unisomee hapa, maana nimehesabu, kila bildi ya kipimajoto inatoa mistari arobaini na mitatu ya njano, haizidi wala haipungui.

Aliinama akasoma ukurasa mzima. Halafu akavuta kiti. Mpaka leo sijapata mwalimu aliyenieleza jambo vizuri kuliko siku ile. Alisema kipimajoto tunakinunua nje, na anayekitengeneza anatuletea vipande vyake vya programu vikiwa tayari vimegeuzwa namba. Mafungu ya vipande vya namna hiyo huitwa maktaba. Sasa, kipande kikigeuzwa namba, majina yote aliyoyaandika injinia yanapotea: jina la kila shughuli, mstari upi uko wapi. Ukiyataka, yanahifadhiwa kwenye faili la pembeni. Sie tuliliita faili la majina. Mwenye kipimajoto hakutuletea, kwa sababu hataki tuone anavyofanya kazi zake. Kwa hiyo linka inapounganisha kipande chake inatoa onyo: faili la majina la kipande hiki limekosekana, nitaunganisha hivyo hivyo kana kwamba halikuwahi kuwepo.

"Kwa hiyo ni ubovu?" nikamuuliza.

"Siyo ubovu. Ni kama umehamia mtaa ambao wenyeji wamekatazwa kutaja majina yao. Mnaishi vizuri tu. Shida ni siku mmoja wao akikukosea, hujui ukamshitaki nani."

Nikamuuliza tena mbona kila mstari una majina mawili. Akanionyesha. Jina la kwanza ni la kipande chenyewe. La pili ni la lile faili la majina lililokosekana, na linatokana na kompyuta iliyotumika kukigeuza kipande hicho kule kwao. Vipande arobaini na vitatu, vyote vilitaja faili moja la majina, maana yake vyote vilitoka kwenye kompyuta moja. Nililishika hilo kichwani nikalala nalo.

Kuanzia hapo hakuna bildi iliyotoka Kinondoni bila mie kuilinganisha na buku. Nasema hivi na mwenye kubisha abishe: mainjinia wenye shahada walikuwa sita mle ndani, na hakuna hata mmoja aliyeweza kukuambia bila kusoma ni kipande gani kinakuja cha kumi na saba. Mie niliweza.

Mwaka wa tatu nilihamishiwa tawi la Ubungo, ambako tulifanya programu za mizani. Huko Msimamizi wa Ufundi alikuwa mzee wa Songea, mkali, anayesahihisha hata namna ulivyokunja kebo. Alikuwa na kauli yake: "Usiniletee 'nadhani'. Niletee ulichokiona." Kwake nilijipatia jina. Maktaba ya mizani ilikuwa na mistari kumi na minane ya njano. Siku moja ikatoka kumi na saba. Mainjinia wakafurahi, wakasema onyo moja limepungua. Mie nikakataa kusaini kwamba nimeilinganisha na iko sawa. Nilijua, kwa sababu nilishaambiwa na Neema, kwamba linka haichukui kipande ambacho hakuna mtu amekiita. Kikikosekana kwenye mistari, basi kuna mtu ameacha kukiita. Tukatafuta hadi mchana. Injinia mmoja alikuwa amefuta kwa bahati mbaya ule mstari wa kurudisha mizani kwenye sifuri kabla ya kupima. Ile programu ilikuwa iende kiwanda cha chakula cha kuku huko Pugu. Msimamizi hakunisifu, hakuwa na tabia hiyo. Aliniambia tu kesho yake nisije na fagio.

Nikapelekwa Pugu mwaka mmoja kufunga mizani na kujifunza inavyotumika kwa kweli, kwenye vumbi la pumba na umeme unaokatika. Niliporudi, kampuni ilikuwa imejenga ofisi mpya Mbweni, na Mkurugenzi, Bwana Murtaza, akanipa cheo cha Mkuu wa Bildi. Alikuwa mtu mpole, anavaa shati jeupe la mikono mifupi mwaka mzima, na hapitishi jambo bila kuuliza mara mbili. Chini yangu walikuwepo vijana wanne wa chuo kikuu. Darasa la saba, nina ofisi yenye mlango. Nilikuwa nauacha wazi makusudi ili watu wanione nimekaa.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Tulitangaziwa kwamba wageni watakuja kukagua kazi zetu, watu wakubwa wa kutoka nje wanaotaka programu ya majokofu isambazwe kwenye zahanati nyingi. Mkurugenzi alitaka waone bildi ikifanyika mbele yao kwenye kioo kikubwa ukutani. Nilipoiwazia ile njano ikimwagika ukutani, mistari arobaini na mitatu, nikaona aibu. Mgeni akija kwako unafagia uwanja. Hiyo ndiyo akili niliyolelewa nayo na hiyo ndiyo niliyoitumia. Nikamwambia Injinia Denis, mmoja wa wale vijana, azime yale maonyo. Akasema linka inakataa, onyo hilo ni katika yale yasiyozimika. Nikamwambia wewe umesoma, tafuta njia. Akaifungua linka yenyewe, akabadilisha namba ndani yake, ikanyamaza.

Wageni walikuja, wakaona kioo safi, wakapiga makofi. Walipoondoka hakuna aliyerudisha linka ilivyokuwa. Sikumwambia Denis airudishe na yeye hakuuliza. Neema wakati huo alikuwa Mtwara kusimamia kazi za huko. Buku likakaa kwenye droo, kwani ningelinganisha na nini?

Miezi miwili baadaye, mwenye kipimajoto akaleta maktaba mpya, akasema amerekebisha mambo madogo madogo. Tukafanya bildi. Haikutoa nyekundu wala njano. Nikasaini, ikapelekwa kwenye zahanati.

Siku moja Mkurugenzi akaniita. Kulikuwa na zahanati binafsi kule Mbagala, chanjo zote za jokofu zimeharibika. Umeme ulikatika asubuhi na joto likapanda, lakini kengele ya programu yetu haikulia. Kumbukumbu za programu zilionyesha sababu kwa maneno mafupi: kengele imezimwa kwa mkono. Saa ile nesi wa zamu alikuwa mmoja tu, Sista Tausi. Alikana, akasimamishwa kazi, na kikao cha kumfukuza kikapangwa Alhamisi. Zahanati iliomba barua kutoka kwetu kwamba programu haina hitilafu. Nilichukua dakika tano. Bildi ilitoka safi bila onyo hata moja, niliandika, nikasaini kwa wino wa bluu na cheo changu chini.

Jumanne asubuhi Sista Tausi akaja Mbweni. Kutoka Mbagala mpaka Mbweni ni safari ya kuvuka jiji zima, na alifika kabla hatujafungua geti. Mwanamke wa makamo, mwenyeji wa Newala kama ukoo wangu, kavaa gauni la kitenge lililopigwa pasi vizuri. Mlinzi alimleta kwangu kwa sababu jina langu lilikuwa kwenye barua. Tukasalimiana, nikamkaribisha kiti. Nilidhani atalia au atagomba. Aliitoa nakala ya barua yangu akaiweka mezani.

"Wewe ndiye uliyesaini hii, kaka Athumani?"

"Ndiyo mie, dada."

"Sijaja kukubembeleza. Nimefanya kazi ile miaka kumi na tisa. Nataka tu unieleze, hicho kidude chenu kiliuonaje mkono wangu?"

Nikaanza kumwelezea. Kuna kitufe cha kuzima kengele, kikibonyezwa programu inaandika. Akauliza kitufe chenyewe kiko wapi. Nikasema pembeni ya kioo, upande wa kulia. Akasema kile cha zahanati yao kilivunjika tangu wakati wa kufunga, na fundi wetu alikiziba kwa gundi, twende nikaangalie. Akauliza, bila kupandisha sauti: "Kwani kabla hujasaini uliangalia nini?"

Niliangalia kioo kisicho na kitu, na nilikuwa nimekisafisha mwenyewe.

Nilimwomba asubiri. Stoo kulikuwa na kompyuta ya zamani tuliyokuja nayo kutoka Kinondoni, na linka yake ilikuwa haijaguswa na mtu. Nikaiwasha, nikapakia kazi yote pamoja na maktaba mpya, nikafanya bildi. Njano ikaanza kushuka. Sijawahi kufurahi kuiona kama siku hiyo. Nikaliweka buku magotini na kidole juu ya kioo, nikasoma mstari kwa mstari. Idadi ilikuwa ile ile, arobaini na tatu, na mtu anayehesabu tu angeridhika akaondoka. Lakini mstari wa thelathini na moja, jina la kipande lilikuwa lile lile, na jina la faili la majina lilikuwa jingine kabisa. Vipande arobaini na viwili vimetoka kwenye kompyuta ile ya siku zote. Kimoja kimetoka kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Na hicho kimoja ndicho kipande kinachoshughulika na kengele.

Nikampigia Neema Mtwara. Nikamsomea. Aliniuliza swali moja, tangu lini. Nikamwambia sijui, nilizima maonyo wakati wa wageni. Kisha akasema chukua kipimajoto cha akiba, kikatie umeme, kiache betri yake ishuke, halafu rudisha umeme, usiguse kitu.

Tulifanya hivyo pale pale, mchana kweupe, mie, Denis na Sista Tausi mwenyewe, ambaye aliomba mikono yetu sote iwe juu ya meza. Betri ikashuka. Nikarudisha umeme, mkono wangu nikaurudisha mezani. Kengele haikulia, ingawa joto la chumba lilitosha kuiliza. Kwenye kioo yakatokea yale maneno: kengele imezimwa kwa mkono. Sista aliitazama mikono sita iliyokuwa mezani. Akafungua mkoba, akatoa leso, akajifuta jasho la shingo.

Neema ndiye aliyechimba ndani. Bila faili la majina ni kazi ngumu, unaona namba tupu na kubahatisha nani anamwita nani, lakini kesho yake jioni alikuwa ameshaonyesha njia ambayo kosa lilipitia. Mwenye kipimajoto alipoandikiwa na kuonyeshwa ule mstari wa thelathini na moja, alijibu kwa ustaarabu kwamba kipande hicho kiligeuzwa kwenye kompyuta ya mfanyakazi wao kwa ajili ya majaribio, ambako kengele ilizimwa yenyewe ili isiwapigie kelele, na kiliingia kwenye maktaba kwa makosa.

Nikaenda kwa Mkurugenzi na karatasi zote. Alisoma mara mbili, kama kawaida yake.

"Barua ya kwanza umesaini wewe," akasema. "Hii ya pili inasema ya kwanza ni uongo. Nani asaini?"

"Mie huyo huyo, bosi."

"Unajua wataniuliza kwa nini namweka mtu kama wewe kwenye kiti hicho."

"Najua."

Alifikiri. Akasema tukiandika kwamba kosa ni la mwenye maktaba peke yake, hatutakuwa tumedanganya. Nikamwambia ni kweli, kosa ni lake, ila onyo lilitolewa na mie ndiye niliyelizima, na yule dada aliniuliza niliangalia nini. Bwana Murtaza akachukua kalamu, akaweka saini yake chini ya yangu kabla mie sijasaini.

Alhamisi nilikwenda Mbagala. Kikaoni alikuwepo Mganga Mfawidhi, ndiye mkuu wa zahanati, na wajumbe wanne. Nikawaeleza kama ninavyowaeleza nyie. Mganga alikuwa na barua zangu mbili mbele yake, moja kushoto, moja kulia.

"Elimu yako, bwana Athumani?"

"Darasa la saba."

"Sasa tuiamini barua ipi?"

"Ya pili, daktari. Ya kwanza niliandika bila kuangalia."

Mjumbe mmoja alicheka, na sikumlaumu. Nilikuwa nimejigamba miaka mingi kwamba mie ndiye jicho la kampuni, na sasa nilikuwa nimesimama mbele ya watu nisiowajua nikisema jicho lilifumbwa na mwenyewe. Nilichukua kipimajoto cha akiba nikawaonyesha. Mara ya pili kilipoandika uongo wake juu ya mkono, hakuna aliyecheka. Sista Tausi alirudishwa kazini siku hiyo hiyo, na Mganga akaagiza muda aliosimamishwa usiandikwe kwenye faili lake.

Wiki iliyofuata nilikwenda mwenyewe kufunga programu iliyorekebishwa. Nilimkuta zamu. Karibu na jokofu alikuwa amebandika karatasi aliyoipigia mistari kwa rula, anaandika joto kwa kalamu kila baada ya saa mbili. Nikataka kumwambia haina haja, sasa mashine ni nzima. Akanitangulia. Akasema mashine yenu naiamini kaka, ila na mie nimo humu ndani. Nikaufunga mkoba wangu wa vifaa, nikamsubiri amalize kuandika ndipo nikaaga.

Nimestaafu mwaka jana, nina miaka hamsini na tano, macho yamechoka na kioo. Wengine wanasema ni mapema. Nimeanzia kwenye dekio nikaishia kwenye ukuu wa idara, nimejenga nyumba mbili Pugu, nimesomesha watoto watatu, na watu wenye shahada walisimama niliposimama. Sioni cha kuonea haya hapo. Waliponiaga Mbweni, Mkurugenzi alisema maneno mengi mazuri na yote yalikuwa kweli. Habari ya wageni na kioo safi hakuigusa. Neema, aliyekuwa amekaa meza ya mbele, alinitazama tu, na mie nikanyanyuka nikaisimulia mwenyewe, kwa sababu Denis na wenzake walikuwepo na ndio waliokuwa wanachukua kiti changu.

Huwa wananipigiaga simu bado. Braza Athumani, kuna maktaba mpya imekuja, inatoa maonyo sitini ya faili la majina, vipi, tuyazime? Nawaambia ukweli, kwamba mengi hayana madhara, mtu asiwatishe, programu itafanya kazi. Halafu nawaomba wanisomee. Wananung'unika, wana haraka, wanasema ni yale yale. Nasema sawa, nisomee hayo hayo, mie sina pa kwenda. Basi wanasoma, mmoja baada ya mwingine, jina la kipande na jina la faili, na mie nipo barazani na chai yangu nasikiliza mpaka wa sitini. Karibu kila mara hakuna kitu. Nawaambia hamna kitu hapo, endeleeni na kazi.